Kuwapinga Polisi na Wanasiasa bila Kuwadhulumu: Mwongozo Kamili kwa Waandamanaji

Mwandamanaji anapoingia barabarani hukutana na watu wa aina mbili wenye mamlaka juu yake: askari aliyesimama mbele yake, na mwanasiasa ambaye uamuzi wake ndio uliomtoa nyumbani. Wote wawili wanapaswa kuvumilia mengi. Kelele, hasira, kuzomewa, kuchorwa vibonzo na kuambiwa hadharani kwamba wameshindwa kazi ni sehemu ya madaraka waliyoyakubali. Hata hivyo, wao pia ni binadamu wenye miili, makazi na watoto, na kuna mahali ambapo kumpinga mwenye madaraka hugeuka kuwa kumtesa mtu. Mwongozo huu unaeleza mpaka huo uko wapi na namna ya kujizuia usiuvuke, tangu siku za maandalizi hadi siku zinazofuata maandamano.

Nauandika nikiamini mambo mawili kwa uzito uleule. Watawala wengi wamelifanya neno "matusi" kuwa kisingizio cha kumfunga kila anayewakosoa, na hilo ni jambo la kupingwa bila kusitasita. Vilevile, waandamanaji wanaomtishia askari au kuianika familia ya mbunge hutenda dhuluma, hata kama madai yao ni ya haki kabisa, na dhuluma hiyo huwaangukia pia wenzao walioandamana kwa amani.

Hatua ya kwanza: Taja jambo mnalolidai na ofisi yenye uwezo wa kulitenda

Kabla ya kuandika bango hata moja, andikeni kwa sentensi moja jambo mnalotaka litendeke, na chini yake jina la ofisi inayoweza kulitenda. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini maandamano yasiyo na dai linaloeleweka hubaki na hasira tupu, na hasira isiyo na pa kwenda humwangukia mtu aliye karibu, ambaye mara nyingi ni askari wa cheo cha chini asiye na uwezo wa kubadilisha chochote. Dai likiwa wazi, kila kaulimbiu, kila hotuba na kila hatua ya njiani inaweza kupimwa kwa kuuliza kama inalisogeza mbele.

Hapo ndipo kinapopatikana kipimo ninachokiona kuwa kikuu kuliko vyote. Kiongozi anaweza kutiwa hofu kwa njia halali: hofu ya kushindwa uchaguzi, ya kuitwa mbele ya kamati ya bunge, ya kushtakiwa mahakamani, ya kuandikwa magazetini, au ya kusimama mbele ya umma bila jibu. Maandamano yana haki ya kuzalisha hofu hizo zote, tena kwa wingi. Hofu ambayo maandamano hayana haki ya kuizalisha ni ile ya mtu kuhofia kwamba atapigwa, nyumba yake itachomwa, au mwanawe atafuatwa njiani akitoka shuleni. Kwa hiyo usijiulize kama mwanasiasa ataumia akisoma bango lako, kwa kuwa huenda ikabidi aumie. Jiulize ni hofu ya aina gani itakayomfanya akusikilize.

Hatua ya pili: Ijue sheria, ya kimataifa na ya mahali mlipo

Ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1976, inalinda haki ya kukusanyika kwa amani. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifafanua ibara hiyo katika Maoni ya Jumla Namba 37, na ufafanuzi wake unafaa kusomwa na kila anayeandaa maandamano. Kamati ilieleza kwamba vurugu, kwa kawaida, ni matumizi ya nguvu za mwili dhidi ya watu wengine yanayoweza kusababisha majeraha, kifo au uharibifu mkubwa wa mali. Kusukumana, kufunga barabara kwa muda au kukwamisha shughuli za siku peke yake hakutoshi kuitwa vurugu. Ilieleza pia kwamba vitendo vya watu wachache waliofanya fujo havipaswi kubebeshwa waandamanaji wengine, waandaaji, wala mkusanyiko mzima.

Kuhusu maneno, Maoni ya Jumla Namba 34 ya Kamati hiyohiyo, ya mwaka 2011, yanasema kwamba kauli kuonekana ya kumtukana kiongozi wa umma si sababu ya kutosha ya kuiadhibu, na kwamba kifungo si adhabu inayofaa kamwe kwa kosa la kashfa. Barani Afrika, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilifuata mwelekeo huo mwaka 2014 katika shauri la mwandishi wa habari Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso. Mwandishi huyo alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa makala yaliyomtuhumu mwendesha mashtaka, na Mahakama ikaona kwamba kifungo hicho kilikiuka uhuru wake wa kujieleza.

Viwango hivyo ni vyako na una haki ya kuvidai, lakini havitamzuia askari kukupakia garini leo jioni ikiwa sheria ya nchi yenu inasema vingine. Kwa hiyo mtafuteni mwanasheria mapema awaonyeshe vifungu vyenyewe kuhusu mambo machache: kama mnatakiwa kutoa taarifa au kuomba kibali, na kwa muda gani kabla, saa na maeneo yaliyowekewa masharti, kufunika uso, kuwatukana maofisa wa serikali, uchochezi, na kumzuia askari kutekeleza kazi yake. Baadhi ya nchi zina sheria maalumu zinazomlinda mkuu wa nchi dhidi ya matusi, na adhabu zake ni kali. Anayeamua kuivunja sheria ya namna hiyo kwa kuwa anaiona ya kidhalimu aamue akiwa amekwisha kujua gharama yake, wala asimburute mwenzake asiyejua.

Hatua ya tatu: Pimeni maneno ya mabango, nyimbo na hotuba

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo panapohitaji muda mrefu zaidi wa maandalizi. Kaeni pamoja, wekeni mabango yote chini, mlisome moja baada ya jingine kwa sauti, na mjadili kila moja.

Chukua mfano wa waziri anayetuhumiwa kwamba fedha za dawa zimepotea chini ya uongozi wake. Bango linalosema "Waziri, dawa ziko wapi?" halina tatizo lolote. Linalosema "Jiuzulu, umeshindwa kazi" ni kali na ni halali, kwa sababu linahukumu utendaji wake. "Mwizi" ni hatua nyingine: neno hilo linadai jambo la kweli au uongo, na katika nchi nyingi anaweza kukushtaki kwa kashfa, hivyo mwenye bango awe na ushahidi au abadilishe dai liwe swali linaloweza kusimama, kwa mfano kutaja ripoti ya mkaguzi na kiasi cha fedha kilichomo. "Mbwa wewe" halidai kitu. Huenda mahakama fulani ikalivumilia, lakini halimwambii msikilizaji chochote kuhusu dawa, na kesho yake mjadala wote utahusu bango hilo badala ya hospitali. Halafu kuna bango la mwisho: "Tunajua watoto wako wanasoma wapi." Sentensi hiyo haina tusi hata moja, tena inaweza kusemwa kwa upole, lakini ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inamtishia mtu kupitia wasio na hatia. Kutofautisha maneno makali na maneno ya vitisho ni ujuzi ambao kila msimamizi wa maandamano anapaswa kuwa nao, kwa sababu ukali wa lugha si kipimo cha hatari yake.

Mahakama zimeligusa suala hili mara nyingi. Mwaka 1986, katika shauri la Lingens dhidi ya Austria, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba mipaka ya kumkosoa mwanasiasa ni mipana kuliko ya kumkosoa raia wa kawaida, kwa kuwa mwanasiasa amejiweka mwenyewe mbele ya macho ya umma kwa hiari yake. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba Ufaransa ilikosea kumwadhibu raia mmoja aliyeinua bango dogo lenye tusi wakati msafara wa Rais Nicolas Sarkozy ukipita mjini Laval. Maneno yaliyokuwa kwenye bango hilo yalikuwa yaleyale ambayo rais mwenyewe aliwahi kumwambia mtu hadharani, na Mahakama ikayaona kuwa dhihaka ya kisiasa. Nchini Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1969, katika shauri la Watts, kwamba kijana aliyesema mkutanoni kwamba akilazimishwa kubeba bunduki mtu wa kwanza atakayemlenga ni Rais Johnson hakuwa ametoa kitisho cha kweli. Iliangalia mazingira ya kisiasa ya mkutano, sharti lililotangulia kauli yenyewe, na wasikilizaji waliocheka.

Ninayataja haya ili msomaji aone upana wa uhuru uliopo, ila simshauri mtu yeyote kuiga kauli ya kijana huyo. Alishinda baada ya kukamatwa, kushtakiwa na kupanda ngazi zote za mahakama. Zaidi ya hapo, tangu Jo Cox, mbunge wa Uingereza, alipouawa Juni 2016, na mwenzake David Amess alipouawa Oktoba 2021 akiwa anawasikiliza wapigakura wake, mzaha wa kumuua mwanasiasa hausikiki tena kama mzaha masikioni mwa wanasiasa na familia zao.

Katika hotuba, hatari kubwa ni uchochezi. Mpango wa Utekelezaji wa Rabat wa mwaka 2012, ulioandaliwa chini ya Umoja wa Mataifa kuhusu uchochezi wa chuki, unapendekeza kuangalia mambo 6: mazingira ya wakati huo, hadhi ya msemaji, nia yake, maudhui na namna alivyoyasema, upana wa hadhira iliyomsikia, na uwezekano wa madhara kutokea. Kipimo hiki kilikusudiwa mahakama, lakini anayeshika kipaza sauti anaweza kukitumia kabla hajafungua kinywa. Kauli "hatutakubali, watatutambua" ikisemwa ukumbini mbele ya wazee waliokaa ina uzito mmoja. Ikisemwa na kiongozi anayeheshimiwa mbele ya umati wenye mawe mikononi, mita chache kutoka kwenye kituo cha polisi, ina uzito mwingine kabisa.

Kuna aina ya maneno ambayo ningeshauri yakataliwe bila mjadala, hata pale sheria inapoyaruhusu: yanayomshambulia mwanasiasa au askari kwa kabila lake, dini yake, ulemavu wake, sura yake au jinsia yake. Wanasiasa wanawake hubeba sehemu kubwa ya mzigo huu. Umoja wa Mabunge Duniani uliwahoji wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39 katika utafiti wake wa mwaka 2016; asilimia 81.8 walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia, na asilimia 44.4 walikuwa wametishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Ukimpinga mbunge mwanamke kwa sababu ya kura aliyoipiga bungeni, ipinge kura hiyo. Ukianza kuzungumzia mwili wake au ndoa yake, umekwisha kuiacha kura na unamwambia kila mwanamke anayekusikia kwamba siasa si mahali pake.

Sanamu za kuchomwa na majeneza ya maigizo yanahitaji neno moja tu. Ni desturi ya kale ya maandamano na kwa kawaida hulindwa kama sehemu ya kujieleza, lakini chagueni jeneza lenye jina la muswada au sera badala ya jina la mtu, na msiwashe moto katikati ya umati.

Hatua ya nne: Kukabiliana na askari uso kwa uso

Askari yuko katika nafasi tofauti na ya mwanasiasa. Anawakilisha dola na ana silaha, kwa hiyo lazima akosolewe. Lakini hakugombea kura, na mara nyingi hakuchagua kupangwa pale. Mahakama hazikubaliani kabisa kuhusu kiasi cha maneno anayopaswa kuvumilia. Katika shauri la Houston dhidi ya Hill la mwaka 1987, Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ndogo ya mji iliyofanya kumkatiza askari kwa maneno kuwa kosa, ikisema kwamba uhuru wa raia kumpinga polisi kwa mdomo bila kukamatwa ni miongoni mwa mambo yanayoitofautisha nchi huru na dola ya kipolisi. Miaka 12 baadaye, katika shauri la Janowski dhidi ya Poland, Mahakama ya Ulaya ilikubali adhabu ya mtu aliyewaita walinzi wa manispaa majina ya kuwadharau walipokuwa wakiwaondoa wachuuzi uwanjani, ikieleza kwamba watumishi wa umma walio kazini wanahitaji kulindwa dhidi ya mashambulizi ya matusi. Alichokuwa anakitetea, yaani wachuuzi wasionyanyaswe, kilikuwa na maana. Majina aliyowaita hayakuwasaidia wachuuzi hao.

Kwa vitendo, nashauri hivi. Simama umbali ambao mkono wako ulionyooshwa hauwezi kumgusa, na usiruhusu wa nyuma wakusukume hadi kifuani pake. Ikibidi, kaeni chini, kwa kuwa umati ulioketi ni mgumu kusukumwa na ni mgumu zaidi kuelezwa kuwa uliwashambulia polisi. Mikono ionekane, ikiwa wazi. Usishike kifaa chake, ngao yake wala farasi au mbwa wake. Usimtemee mate, usimmwagie maji, usimrushie yai wala chupa tupu. Katika nchi nyingi vitendo hivyo huhesabiwa kuwa shambulio, bila kujali kama vimemuumiza. Usimmulike machoni kwa taa kali. Anapotoa amri, muulize kwa sauti inayosikika: "Afande, hii ni amri? Ni kwa sheria ipi? Tunaruhusiwa kupita wapi?" Maswali hayo matatu yana faida kuliko tusi lolote, kwa sababu majibu yake, au ukimya wake, unaweza kusomwa baadaye mbele ya hakimu.

Kumrekodi askari aliye kazini hadharani si unyanyasaji. Maoni ya Jumla Namba 37 yanatambua kwamba waandishi wa habari na waangalizi hawapaswi kuzuiwa kufuatilia matendo ya polisi. Rekodi ukiwa kando, shika simu kifuani bila kumsogezea usoni, na hakikisha picha inaonyesha mahali, saa na namba yake ya utumishi. Kinachogeuza kurekodi kuwa bughudha ni mambo yanayoambatana nako: kumzunguka mkiwa kumi, kumfuata akienda kula au kupanda gari la kurudi nyumbani, kumchokoza makusudi ili akasirike, kisha kukata video ili uchokozi usionekane.

Msidhani nidhamu hii huja yenyewe. Wanafunzi wa Nashville, Marekani, waliokaa mwaka 1960 katika migahawa iliyowabagua watu weusi walifanya mazoezi kwa miezi chini ya James Lawson, mwalimu wa upinzani wa amani, wakizomeana, wakisukumana na kumwagiana vitu ili kila mmoja ajijue atakavyojibu, na walibeba kanuni zilizoandikwa: usirudishe pigo, usitukane unapotukanwa, kaa wima, itazame kaunta. Mwaka 1963 mjini Birmingham, katika nchi hiyohiyo, waliojitolea chini ya Martin Luther King walitia saini ahadi ya kujiepusha na ukatili wa ngumi, wa ulimi na wa moyo. Walikuwa wanakabiliwa na polisi wenye mbwa na mabomba ya maji, na bado waliuweka ulimi pamoja na ngumi. Fanyeni mazoezi kama hayo angalau mara moja: nusu yenu mwe askari, nusu waandamanaji, kisha mbadilishane. Mtu anayelipuka haraka katika mazoezi apangiwe kazi ya nyuma, kama kugawa maji au kuandika kumbukumbu, wala hiyo si aibu kwake.

Hatua ya tano: Chagueni mahali

Bunge, wizara, ofisi ya jimbo, makao makuu ya chama, mkutano wa hadhara na lango la ukumbi ambamo kiongozi anahutubia ni mahali pa madaraka, na ni haki yenu kuonekana na kusikika kutokea hapo. Maandamano yanayowekwa mbali kiasi kwamba anayelengwa hayaoni wala hayasikii yamenyimwa sehemu ya maana yake, na Kamati ya Umoja wa Mataifa imelitambua hilo.

Nyumbani ni suala jingine. Katika shauri la Frisby dhidi ya Schultz la mwaka 1988, Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo huulinda uhuru wa kusema kwa nguvu sana, ilikubali sheria ya mji iliyokataza kupiga kambi ya upinzani mbele ya nyumba mahususi, kwa hoja kwamba mtu aliye ndani ya nyumba yake hana pengine pa kukimbilia. Wapo wanaharakati makini wanaopinga hoja hiyo. Wanauliza kwa nini waziri alale kwa utulivu ilhali amri yake imebomoa nyumba za wengine. Naielewa hasira hiyo na sioni kuwa ni ya kipuuzi. Hata hivyo, nyumbani kuna watu ambao hawakusaini amri yoyote: mama mzee, mtoto, mfanyakazi wa ndani. Wao ndio watakaosikia kelele za saa saba usiku huku waziri akiwa safarini. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuyaacha makazi binafsi hata pale yanaporuhusiwa. Vivyo hivyo kwa msikiti au kanisa anakosali, hospitali anakotibiwa na mazishi ya jamaa yake.

Askari anapokuwa nje ya kazi na bila sare, aachwe kabisa.

Hatua ya sita: Simu na mitandao ya kijamii

Mambo mengi ambayo mtu asingethubutu kuyatenda barabarani huyatenda kwa kidole akiwa kitandani. Kusambaza namba ya ofisi ya mbunge na kuwahimiza wapigakura wampigie ni uraia mwema. Kusambaza namba yake binafsi, ya mkewe au mumewe, anwani ya nyumba, namba za gari la familia au jina la shule ya watoto ni kumweka mtu hatarini, na huwezi kujua ni nani kati ya maelfu watakaoiona taarifa hiyo atakayekwenda nayo mlangoni. Ukishaisambaza, huwezi tena kuirudisha.

Wingi nao unahitaji kufikiriwa. Ujumbe mmoja wenye hasira ni maoni. Ujumbe uleule ukitumwa na mtu mmoja mara mia kwa siku, au kundi likipanga kumfuata mtu katika kila anachokiandika hadi afunge ukurasa wake, umegeuka kuwa bughudha hata kama hakuna neno lililo kosa ndani yake. Waandaaji wa kampeni wanaowaita wafuasi wao wamwandikie kiongozi wawape ujumbe wa mfano wenye dai na heshima, wawape anwani rasmi, na waweke siku ya mwisho wa kampeni.

Kuhusu picha na video za askari, chapisha zile zinazoonyesha tendo la hadharani linalohusu umma. Usiongeze maelezo ya mahali anapoishi. Ikiwa huna uhakika kwamba mtu aliye pichani ndiye unayemdhani, usitaje jina. Picha zilizotengenezwa kwa programu kumwonyesha mwanasiasa akitenda asichokitenda, hasa zenye maudhui ya ngono, hazina nafasi katika harakati yoyote inayotaka kuaminiwa.

Hatua ya saba: Mpaka ukivukwa na mwenzenu

Teueni wasimamizi wa kutosha, wavae alama inayoonekana kwa mbali, na wawe na idhini ya kuyaondoa mabango na kuzima nyimbo. Msimamizi akisikia kitisho au akiona jiwe, asianze kwa kufoka. Wasimamizi wawili wamwendee mhusika mmoja kulia na mwingine kushoto, wamwite kwa jina kama wanalijua, wamtoe pembeni na wamsikilize, huku wengine wakianzisha wimbo mwingine ili umati usiifuate kauli yake. Akikataa, wakae chini wanaomzunguka na abaki amesimama peke yake. Polisi wakiwa na ofisa wa mawasiliano, ajulishwe mara moja kwamba mnalishughulikia.

Kisha semeni hadharani kwamba tendo hilo halikuwa lenu. Wengi huogopa kufanya hivyo wakidhani wanawapa wapinzani silaha, ilhali wapinzani wanayo tayari kwenye video. Kuna wakati inabidi kufanya zaidi ya kusema. Mnamo Februari 1922, umati wa waandamanaji huko Chauri Chaura, India, baada ya kupigwa risasi na polisi, ulikichoma kituo cha polisi na kuwaua askari zaidi ya 20 waliokuwa ndani. Gandhi, kiongozi wao, alisimamisha nchi nzima harakati ya kutoshirikiana na serikali ya kikoloni ya Uingereza, na wenzake wengi walikasirika kwamba anaitupa fursa kubwa. Wanahistoria bado wanaubishania uamuzi wake, lakini baada yake hakuna aliyeweza kudai kwamba kanuni yake ya amani ilikuwa ya kujifichia tu. Kwenu huenda ikatosha kusitisha matembezi ya siku hiyo na kuyapanga upya.

Hatua ya nane: Polisi nao wakivuka mpaka

Mpaka huu haumfungi mwandamanaji peke yake. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Matumizi ya Nguvu na Silaha za Moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamtaka askari atumie njia zisizo za nguvu kwanza, aepuke kutumia nguvu anapotawanya mkusanyiko usio halali lakini wa amani au aipunguze hadi kiwango cha chini kabisa pale isipoepukika, na ahakikishe aliyejeruhiwa anapata matibabu haraka. Risasi zinazokusudia kuua zinaruhusiwa pale tu zisipoweza kuepukika katika kulinda uhai. Tusi halimpi haki ya kupiga. Hata mtu aliyemtemea mate anaweza kukamatwa na kushtakiwa, lakini hawezi kupigwa virungu akiwa amelala chini.

Kwa hiyo jiandaeni kuandika. Kila kikundi kiwe na mtu mmoja asiyepiga kelele wala kubeba bango, mwenye daftari na saa, anayeandika muda amri ilipotolewa, nani aliitoa, umati ulifanya nini na nguvu gani ilitumika. Waliojeruhiwa wapigwe picha za majeraha siku ileile na waende hospitali wapate maandishi ya daktari. Video zihifadhiwe zikiwa kamili, nakala zaidi ya moja, bila kukatwa, ikiwa ni pamoja na sehemu zinazoonyesha makosa ya upande wenu. Ukificha sehemu hizo, wakili wa serikali atazileta yeye. Malalamiko yaandikwe na kupelekwa kwa chombo kinachosimamia polisi, kwa tume ya haki za binadamu, kwa wakili na kwa mbunge, hata yule mliyekuwa mnampinga.

Hatua ya tisa: Siku zinazofuata

Kutaneni ndani ya siku chache mkiwa na mabango na rekodi. Someni tena kilichosemwa. Ikiwa kuna tuhuma iliyotolewa jukwaani na sasa imeonekana si kweli, isahihisheni mahali palepale ilipotolewa na kwa sauti ileile. Kama kuna askari aliyetukanwa kwa kabila lake au mbunge aliyetishiwa na mtu wa kundi lenu, mwandikieni barua fupi isiyo na visingizio, bila kulipunguza dai lenu hata kidogo: "Tunapinga uamuzi wako kama jana. Maneno yaliyosemwa kuhusu mwanao hayakuwa yetu, na aliyeyasema ameondolewa miongoni mwa wazungumzaji wetu." Ombeni kikao katika barua hiyohiyo, mkitaja siku mbili au tatu mnazoweza kufika na majina ya watakaowawakilisha.